Mtani Alipolilisha Gari

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, namweleza kwa ufupi, maana nikirefusha damu inanipanda.

Mie ni Marselino, Mngoni, dereva wa gari la Bwana Projestus, karani mwenyeji wa Bukoba, mwenye miwani na maneno mengi. Gari lenyewe lilishushwa bandarini kabla ya vita. Limetumikia Wazungu watatu, likakatwa nyuma likawekwa bodi ya mbao, na saa yake ya maili imezunguka mpaka ikarudi sifuri ikaanza upya. Bwana Projestus alikuwa akiwaonyesha watu ile saa na kuwaambia gari bado jipya.

Wiki iliyopita niliwaachia pale breki ziliponikatalia sokoni Temeke, gari likapanda kibaraza cha muuza mchele na kumgonga mzee wa watu goti. Leseni ikachukuliwa. Iliporudishwa imetiwa alama nyekundu ya onyo, ofisa wa polisi aliniambia neno ambalo sijalisahau: gari lile likimgusa mtu tena kwa ubovu wa breki, atakayelala gerezani ni dereva, siyo mwenye gari.

Hebu fikirini. Mwenye gari amekaa ofisini chini ya feni, na jela imeandaliwa mie.

Nikamwendea Bwana Projestus palepale ofisini, nikaweka funguo mbele yake, wenzake wakisikiliza. Akaanza kunieleza kwamba breki ni nzima, yeye mwenyewe aliliendesha mwaka jana kwenda kanisani. Nikamwambia basi aliendeshe na mwaka huu. Makarani wakacheka, naye kwa aibu akakubali breki zifunguliwe na kutengenezwa upya. Hapo ndipo tulipofika.

Nililipeleka gari Vingunguti, kwenye uwanja wa fundi Shomari. Likapandishwa jeki, magurudumu yakavuliwa, na Shomari akaivuta ngoma ya gurudumu la mbele. Alichungulia ndani, kisha akanipisha nichungulie mwenyewe.

Kila dereva anajua kwamba ndani ya ile ngoma mna viatu vya chuma, na juu ya viatu hivyo hupigiliwa lainingi, vile vipande vigumu vinavyoibana ngoma ili gari lisimame. Zangu zilikuwa zimelika mpaka ribiti, zile pini zinazozishikilia, zimetokeza vichwa. Ngoma ilikuwa imechimbika mifereji kwa kukwaruzwa na chuma.

Hilo nililitazamia. Nisilolitazamia ni gurudumu la pili. Shomari aliingiza bisibisi chini ya lainingi akachomoa kipande cha ngozi, kimekatwa vizuri kwa kisu. Ilikuwa soli ya kiatu. Fundi fulani alipoona lainingi zimekwisha, aliziinua kwa soli ya kiatu ili zionekane nene, akafunga, akaenda zake.

Nilikaa chini mchangani. Mabibi harusi niliwabeba kwa soli ya kiatu. Wagonjwa niliwapeleka hospitali kwa soli ya kiatu. Nilitukana siku ile mpaka Shomari, ambaye ni mtu wa swala tano, akaniomba niende nikatukanie barabarani.

Kisha akafanya kazi. Alisema lainingi za saizi ileile hazitatosha, maana Mzungu aliyeliunda gari hakutegemea lingekuja kubebeshwa bodi ya mbao na watu wanane. Tukapata za lori, nene, akazikata, akazitoboa, akazipigilia ribiti mpya na kuzipiga tupa pembeni. Ngoma zikapelekwa kuchongwa kwa mashine mpaka zikawa laini. Kwenye kila ngoma palikuwa na tundu dogo la kuchungulilia lainingi bila kuvua gurudumu. Vizibo vyake vya mpira vilikwishapotea zamani, kwa hiyo tukayaziba matundu kwa vitambaa.

Tukalijaribu. Nilikanyaga breki, gari likasimama kama limeshikwa mkia, na Shomari nusura apasue kioo kwa paji la uso. Tulicheka sote wawili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka ndani ya gari lile.

Kicheko hicho hakikuona jua la pili. Asubuhi zikaja habari kutoka Mbagala kwamba baba mkwe wangu, Mzee Fransis, amefariki.

Bwana Projestus, nimpe haki yake, alitoa gari libebe maiti. Nikampakia mke wangu Yustina, tukashika barabara ya Kilwa, yeye analia, mie naendesha kwa adabu, na kwenye kila kona breki zinaitika. Nilimhuzunikia mzee kwa dhati. Lakini moyoni nilikuwa nikisema angalau leo wakwe zangu wataona nimekuja na gari linalosimama.

Sasa lazima niwaeleze habari ya Albano, na hapa ndipo ninaposhikwa na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Albano ni Mpogoro, mpasua mbao wa palepale Mbagala. Sie Wangoni na Wapogoro ni watani. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakabakiza matusi, na sie wajukuu tunayatumia kwa kucheka. Kwenye msiba mtani ndiye bwana. Atavaa koti la marehemu, atamwiga anavyokohoa, atamuuliza kwa nini amekufa kabla ya kumaliza pombe ya watu. Atachukua kuku wenu, atawapaka majivu, na nyie mtacheka huku machozi yanawatoka. Kazi yake ni hiyo, kuwazuia msife na nyie kwa majonzi.

Na sheria yake ni moja: mtani hakasirikiwi. Ukikasirika unatozwa mbuzi, na mazishi yanasimama mpaka umwombe radhi mbele ya watu wote.

Albano alikuwa rafiki mkubwa wa Mzee Fransis, msinielewe vibaya. Walikunywa pamoja miaka mingi. Nilipofika alikuwa amekwisha vaa koti la mzee, macho mekundu, na bado anachekesha watu. Akalizunguka gari langu akiuliza kama nalo limeletwa kuzikwa. Hakuniita kwa jina. Tangu nimjue aliniita mtumwa wangu, nami nilimwita hivyohivyo.

Ningenyamaza, yasingetokea. Lakini nilikuwa na maringo ya breki mpya. Nikamshika mkono, nikachomoa kitambaa kwenye tundu la gurudumu la mbele, nikamwambia achungulie aone lainingi za lori, maana Wapogoro hawajawahi kuona.

Akachungulia. Akasema kumbe gari lina mdomo.

Nikaingia ndani kusaidia kazi ya jeneza. Lilipokwisha kupigiliwa misumari nikasikia uani wanawake wanacheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka na kilio ndani yake. Nikatoka.

Albano alikuwa amepiga magoti mbele ya gari. Mkononi alikuwa na chupa ya mafuta ya nyonyo, yaliyobaki baada ya kumpaka marehemu, na jani la mgomba amelikunja likawa mrija. Anawaambia akina mama kwamba gari nalo limefiwa, tangu asubuhi halijala, na mkwe wao hana habari. Chupa ilikuwa tupu.

Hata mtoto wa dereva anajua kwamba mafuta na breki ni maadui. Lainingi ikilowa mafuta haishiki ngoma, inateleza tu, uwe umeitoa kwenye lori au kwenye meli. Lakini Albano ni mpasua mbao. Kwake yeye mafuta hulainisha msumeno na kuuponya mlango unaolia. Hakuna ubaya aliouona.

"Albano, umemimina ndani au umepaka nje tu?" nikamuuliza.

"Nimelilisha mpaka limecheua."

"Nakuuliza kwa kweli."

"Na mie nakujibu kwa kweli, mtumwa wangu. Hili limeshiba. Lile la upande wa pili limekataa, limesema limefunga."

Watu wakaangua kicheko. Nimfanye nini? Ndiyo balaa ya mtani siku ya msiba: hata akitaka kukuambia kweli, mdomo wake hautoi ila mzaha. Nikainama nikatazama. Pale kwenye tundu mafuta yalikuwa yanang'aa na kuchuruzika mpaka kwenye tairi. Lakini yaliyomo ndani ni kiasi gani, na gurudumu la pili lilikula au halikula, sikuweza kujua bila kuvua.

Nikasema basi nayavua yote mawili, niletewe petroli nioshe.

Kicheko kikakatika. Mjomba mmoja wa marehemu akauliza polepole kama mkwe amekasirika. Nikasema sijakasirika. Akauliza kama sijakasirika, mbona nafunua gari kwa sababu ya neno la mtani, na padri anasubiri makaburini, na mzee wa watu ameshalala kwenye sanduku na jua hili.

Mama mkwe wangu, Bibi Eufrazia, hakuwa na desturi ya kusema nami uso kwa uso. Kwetu mkwe huheshimiwa kwa kupitishiwa maneno. Alimnong'oneza Yustina, na Yustina akaja.

"Mama anasema baba hakuwahi kumkasirikia mtani hata siku moja. Anakuomba usianze wewe mbele ya jeneza lake."

"Yustina, mafuta kwenye breki yanaua watu."

"Si ulituambia ni za lori?"

Ningemjibu nini? Maringo yalikuwa yangu.

Nikapanda, nikawasha, nikalisogeza gari mbele na kukanyaga breki. Likasimama. Nikarudia. Likasimama tena. Nikajiambia pengine amepaka nje tu. Nyie mnaonicheka mngekuwa mahali pangu, wakwe wote wamekukodolea macho, mngejiambia hivyohivyo. Nikacheka kwa sauti ili wote wanisikie, na kicheko kile kilikuwa kichungu kuliko shubiri.

Jeneza likapakiwa kwenye bodi, Bibi Eufrazia na wanawake wakalizunguka. Yustina akakaa kando yangu. Wanaume na vijana walikuwa wametangulia kwa miguu, wakiimba. Albano akasimama juu ya ubao wa kukanyagia, upande wangu, ameshika mlango, koti la marehemu linapepea, maana mtani humsindikiza maiti mpaka shimoni. Njia nzima alikuwa akiwapigia kelele wapita njia wakimbie, gari hili halina breki, dereva wake ni Mngoni. Watu wakacheka, wakatupungia.

Mbagala yote ni tambarare mpaka unapoanza kuuteremkia mto Kizinga. Hapo barabara inainama, chini kuna daraja, na mbele ya daraja walikuwa waombolezaji wetu, wamejaa barabara nzima, wametupa migongo.

Nikakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo kidogo. Nikakanyaga tena, pedali ikawa ngumu chini ya mguu, na gari halikusikia. Kisha pua yangu ikapata harufu ya nyonyo inayoungua.

Magurudumu yote mawili yalikuwa yameshiba.

Nikavuta breki ya mkono. Magurudumu ya nyuma yakalia, lakini peke yake, na mzigo ule, hayakutosha kulisimamisha. Nikapiga honi. Waombolezaji wakageuka, wakamwona Albano ananing'inia na kupunga mkono, akipiga kelele, "Pisheni, halina breki hili." Nao wakafanya nini? Wakapiga makofi. Mizaha ya namna ileile juu ya gari langu walikuwa wameisikia tangu asubuhi, kutoka kinywa kilekile. Hakusogea hata mmoja.

Kushoto kulikuwa na korongo linaloshukia mtoni. Kulia kulikuwa na ukingo wa udongo, na kulia ndiko alikosimama Albano.

Aliuona ule ukingo, akaniona nauona. Akainamisha uso mpaka karibu na wangu.

"Kata kwangu, Marselino," alisema.

Nikakata. Gari likakwaruza udongo, mbao zikapasuka, wanawake wakapiga yowe, likayumba mara mbili na kusimama. Jeneza lilisogea, halikuanguka. Yustina alikuwa ametokwa damu mdomoni, lakini mzima. Waombolezaji walikuwa hatua chache tu mbele yetu, nao wote wazima.

Nilipaswa kumshukuru Mungu. Nami ningemshukuru, kama nisingesikia kicheko.

Watu walikuwa wanacheka. Nikageuka. Albano alikuwa amelala barabarani nyuma yetu, chali, mikono ameitupa huku na huku, koti limemfunika nusu ya uso. Watani hufanya hivyo. Hulala njiani, maiti isipite mpaka wapewe chochote. Kijana mmoja akamrushia senti kifuani. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Hapo ndipo hasira niliyoimeza uani ikapanda yote. Niliona goti la yule mzee wa sokoni, nikaona ile soli ya kiatu, nikaona mke wangu na damu mdomoni, na huyu amelala anataka chakula. Nikashuka mbio, nikamshika ukosi wa koti kwa mikono miwili.

"Inuka," nikamwambia. "Leo nitakuua kwa mikono yangu, Albano, na mbuzi wao nitalipa."

Nikampiga kofi.

Mkwe amekasirika. Nilimpiga mtani, mbele ya jeneza, na kila mtu aliona. Kichwa cha Albano kiligeukia upande nilikokipeleka, kikabaki hukohuko.

Bibi Eufrazia alikuwa ameshuka bila kusaidiwa. Alikuja akapiga magoti, akaweka kiganja mbele ya pua ya Albano, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akaniinulia macho, yeye ambaye hajawahi kunitazama usoni.

"Mwache, mwanangu. Huyu hachezi," alisema.

Sikuwahi kusikia sauti yake ikinielekea. Nikaachia ukosi wa koti. Kwenye vidole vyangu palikuwa na damu, na siyo yangu. Nikamuuliza kama anapumua. Alilivuta koti la mumewe akamfunika nalo Albano kifua, akabaki ameshikilia mkono wake.

Askari aliyekuwa darajani alifika na baiskeli yake. Alimtazama aliyelala, akalitazama gari lililobandikwa kwenye ukingo, akauliza dereva ni nani. Nikasema ni mie. Akaomba leseni. Aliisoma, akaona alama nyekundu ya lile onyo, akanitazama upya.

Nikamweleza yote. Breki ni mpya, za lori, fundi Shomari wa Vingunguti ni shahidi. Huyu aliyelala, sijui kama naye ni marehemu, alizimiminia mafuta kwa utani, uani, wakati wa kupigilia jeneza. Askari akagusa gurudumu, akanusa vidole. Akasema mafuta yapo. Lakini mafuta hayamtaji aliyeyatia. Akawageukia watu akauliza nani alimwona mtu huyu akifanya hivyo.

Wale wanawake waliocheka mpaka wakashikana mabega, mmoja mmoja akainamisha kichwa. Niliwajua. Neno la utani halipelekwi serikalini, na mtani hasemewi akiwa amelala hivi, na nani atakayekubali kusimama kortini aseme alicheka? Yule mjomba wa marehemu akakohoa.

"Sie tulichosikia, afande, ni huyu akisema atamuua. Tumesikia wote."

"Na akampiga," akasema mwingine.

Nikajiona nimezama. Nikamwita mke wangu. Nikamwambia askari: huyu hapa alikuwapo uani, aliiona chupa, aliliona jani la mgomba, tena aliniletea ujumbe nisivue magurudumu. Muulize huyu.

Askari akamuuliza.

Yustina alifuta damu mdomoni kwa ncha ya khanga. Alimtazama mama yake aliyekaa chini na mkono wa Albano mapajani, akatazama jeneza la baba yake kwenye bodi iliyopasuka, halafu akanitazama mie, mumewe.

"Chupa mimi sikuiona," alisema. "Nilimwona mume wangu akikasirika."